Sendofu Juu ya Barafu

Sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, niliifanyia juu ya barafu, mwezi wa saba, Toronto. Watu wa mtaani kwetu Scarborough bado wanaisimulia kana kwamba nilipanga. Nawaacha wasimulie.

Ukumbi niliutafuta mwenyewe. Kamati walitaka ule wa chini ya kanisa, wenye feni mbili na dari ya kugusa kwa mkono. Nikawaambia, mtu aliyeingia nchi hii na begi moja, akabeba makochi ya watu mgongoni mpaka akawa na malori yake ya kuhamisha mizigo, hamuagi binti yake chini ya ardhi. Nikapiga simu chuo kikuu, mimi ambaye shule iliniacha darasa la saba! Wana uwanja wa ndani wa michezo ya barafu, viti vinapanda mpaka darini, maegesho utadhani ya ndege. Mama anayeusimamia akasema Jumamosi ile ni yangu. Nikauchukua.

Habari ya barafu sikuuliza. Barafu ya Toronto huondoka na baridi yake. Mwezi wa saba, watu wanalala madirisha wazi kwa joto, nani anaweka barafu?

Hofu ya binti yangu ilikuwa mama mkwe wake mtarajiwa, mwalimu mstaafu wa Mississauga, ambaye tangu siku ya posa alikuwa ananiangalia kama hesabu iliyokosewa. Binti yangu hunisemesha Kiingereza, namjibu Kiswahili, tumezoeana hivyo. Wiki ile alinijia na Kiswahili chake cha kujikongoja: "Baba, naomba. Mama yake asipate kitu ya kusema." Nikamwambia, mwanangu, wewe umezaliwa na nani?

Ijumaa mchana nikaenda na mke wangu kuona meza zitakaaje. Tulipofungua mlango, baridi ikatupiga usoni. Chini ilikuwa barafu tupu, ukuta hadi ukuta, na vijana wa chuo wanakimbizana na magongo yao.

Mke wangu alikuwa amevaa kandambili. Akaitazama barafu, akanitazama mimi.

"Mzee, bibi harusi anaingia na viatu vya kuteleza?"

"Tulia."

"Nimetulia. Nauliza tu ile ndafu ya mbuzi tunaikatia wapi, golini?"

Yule mama msimamizi akashangaa. Barafu ipo mwaka mzima, akasema, alidhani najua. Nikamwambia najua sana, nimekuja kuhakikisha. Nikamuuliza kama wana kitu cha kufunikia. Akasema mbao zipo, huzitandaza kwenye mahafali, ila wafanyakazi wake wa kuzitandaza wako likizo.

"Wangu hawako likizo," nikamwambia.

Vijana wangu wa malori, Wakongomani waliozoea kupandisha piano ghorofani, wakazitandaza mbao zile wakiimba, na mazulia juu yake. Kesho yake ungeingia ungesema ni ukumbi wa hoteli. Ila baridi ilikuwa inapanda kutoka chini, inakushika vifundoni. Tukaanza kuwapigia wageni simu waje na makoti.

"Kaka," dada yangu akaniuliza, "siku hizi unakunywa asubuhi?"

Nusu walikuja na makoti mkononi, jasho linawatoka. Nusu walidhani ni utani wangu, wakaja migongo wazi. Nikaamuru malori yafunguliwe. Sisi wahamishaji tuna mablanketi mazito ya kufungia makabati yasikwaruzike, na mimi sinunui ya bei rahisi. Kila kiti kikapata lake.

Ndipo wakaingia wakwe. Yule mwalimu alikuwa mbele, gauni la lesi, mabega nje. Hatua chache tu akasimama. Mbele ukumbini binti yangu naye akasimama, mkono mdomoni. Nikachukua blanketi, lile lile lililofunga friji ya mtu juzi, nikamwendea mwenyewe.

"Karibu, mkwe." Nikamfunika.

Akalitazama blanketi, akautazama ukuta wa vioo uliojaa alama za mipira. "Hapa chini kuna nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Haukutoka. "Barafu, mkwe."

Akagonga zulia kwa kisigino. Kisha akavuta kiti, akaketi, akajifunga mpaka kidevuni.

"Mwezi uliopita, harusi ya mpwa wangu, nilizimia kwa joto hata keki haijakatwa. Sherehe niliimalizia ndani ya gari. Hapa sibanduki." Akanyoosha miguu. "Blanketi jingine lipo?"

"Mkwe," nikamwambia, "mimi nina malori."

Akacheka, na vigelegele vikapasuka kutoka upande wao, si wetu. Binti yangu alikuja mbio na shela lake akamkumbatia, blanketi na yote. Muziki ulipopigwa hakuna aliyebaki kitini, maana kukaa ndiko kulikokuwa na baridi.

Mimi nikajitafutia mahali. Pembeni kulikuwa na kibanda cha vioo chenye benchi. Nikaingia na sahani ya pilau iliyokwisha kupoa, nikaketi. Mke wangu akanikuta humo.

"Yule mama msimamizi kaniambia humu hufungiwa mchezaji aliyecheza vibaya, mpaka muda wake uishe."

"Wangu bado," nikamwambia.

"Sogea basi," akasema, akaingia na sahani yake.