Maji Niliyoyaona Kwenye Kiti cha Meno

Jino liliniuma tangu mvua za masika mpaka shavu likavimba kama nimeficha ndizi. Kwenda kwa daktari sikutaka. Nikiwa msichana niling'olewa jino kabla ganzi haijashika, na tangu hapo nikiona koleo miguu inanigeuza yenyewe. Safari hii mke wa mwanangu alinishika mkono kutoka Uru mpaka Moshi mjini, akahakikisha nimekaa kwenye kiti, kisha akasimama mlangoni.

"Mama, leo hutoki bila kung'olewa."

"Kaa kimya. Mimi si mbuzi."

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akaniamkia shikamoo, akanichoma sindano, halafu akaleta miwani mizito yenye visikizio vya masikioni na waya uliokwenda kwenye mashine ya video. Alisema kaletewa na mgeni kutoka Ulaya, kwa ajili ya watu waoga.

"Nani mwoga?"

"Wengine, bibi. Wewe vaa tu. Ukisikia maumivu nyoosha mkono, nitaacha."

Nikavaa. Chumba kikapotea. Mbele yangu kijito kilikuwa kinashuka kati ya miti, na masikioni nasikia maji yenyewe.

Miaka hiyo mfongo wetu, ule mfereji wa maji ya mlimani, ulikuwa umekauka. Kahawa ilikosa bei, vijana wakashuka mjini kuuza mitumba, hakubaki wa kuuzibua. Zamani zamu yetu ya maji ikifika, baba watoto alipanda juu kufungua, mimi nikabaki chini kwenye migomba na jembe langu. Kelele za maji hazikuturuhusu kuitana. Migomba ikishashiba nilinyoosha mkono, naye akafunga. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Tangu nilipomzika, sina wa kumnyooshea mkono.

Basi pale kwenye kiti maji yalizidi kuja. Nikaona yanapotea bure, tena tunakula zamu ya jirani. Nikanyoosha mkono.

Daktari akaacha kuvuta. "Inauma, bibi?" Sauti yake ilitoka mbali.

Nikatikisa kichwa, lakini mkono sikuushusha. Nilikuwa natazama kule juu maji yanakotokea, labda mtu atainama ayafunge. Hakuna aliyeinama. Maji yakaendelea tu. Mke wa mwanangu akaja, akaushusha mkono wangu taratibu, akabaki ameushika.

Jino lilitoka saa ngapi sijui. Daktari akanivua miwani, akanionyesha jino kwenye kisahani, na mizizi yake.

"Umeona? Hata hukukimbia."

Nilikuwa na pamba mdomoni, lakini nikasema, "Na hili la upande wa pili?"

Akalichungulia, akaligonga. "Hili zima kabisa, bibi."

"Gonga tena."

Akagonga. Mke wa mwanangu akanitazama kama hanijui.

"Kwani linauma, mama?"

Nikaitazama ile miwani, imeshawekwa mezani na waya wake umekunjwa.

"Haliumi," nikasema, nikashuka kwenye kiti.