Tawi Kwenye Njia ya Machimbo

Njia ndefu ya kutoka milimani hadi Nakuru ilikatiza machimbo ya zamani. Waliochimba udongo mweupe walikuwa wamehama, wakaacha mashimo yaliyofunikwa na nyasi. Hapo njia iligawanyika, na ya kushoto ilipita ukingoni mwa mashimo. Wanawake wa maziwa walikuwa na desturi yao: ukingo ukilegea, anayetangulia huvunja tawi bichi na kulilaza kwenye njia mbaya, ili anayefuata asipite hapo.

Wakati wa mvua za mwaka wa hamsini na saba, Chepkorir alikuwa mbele. Nyuma yake alikuja jirani yake Cherono, na wote walikuwa wakipeleka mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, kwa Samsam, mwenye hoteli kule Bondeni mjini Nakuru. Samsam alinunua ya aliyefika kwanza. Chepkorir aliona njia ya kushoto imemeguka. Akashika tawi, kisha akaliachia. Mwache apotee kidogo, alijiambia, ageuke, achelewe. Basi.

Hadi jioni Cherono hakufika Bondeni. Kesho yake Chepkorir alimkuta kwa Micah, mzee mchunga mbuzi aliyeishi peke yake kando ya machimbo. Micah ndiye aliyesikia kilio shimoni, akamvuta kwa kamba ya kufungia beberu. Mguu ulikuwa umevunjika.

"Sikuona tawi lako," Cherono alisema. "Mbuzi wa mzee huyu wamelila."

Chepkorir akainamisha kichwa. Walioona walidhani anakubali, na habari ikapanda mlimani hivyo.

"Mbuzi wangu walikuwa zizini," Micah aliwaambia watu.

"Kwani mzee unalala nao?" wakamjibu, wakacheka.

Mguu uliungana vibaya. Cherono aliporudi njiani na fimbo, Chepkorir alimbebea kibuyu chake juu ya kile cha kwake.

"Wewe ni dada yangu wa tumbo moja," Cherono alizoea kumwambia.

Kisha wazee wakaamua Micah ahame na mbuzi wake. Asubuhi moja wanawake hao wawili walimpita aking'oa miti ya zizi.

"Mguu unaendeleaje, mama?" alimuuliza Cherono.

Cherono akapita bila kuitikia. Walipofika njia panda, Chepkorir aliweka vibuyu chini.

"Dada, siku ile sikuweka tawi."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka uchelewe."

Cherono alimtazama mpaka Chepkorir akashindwa kuinua macho. Kisha akachukua kibuyu chake, akakifunga mgongoni mwenyewe, akiyumba juu ya mguu mbovu.

"Na mimi nimempita yule mzee kama mbwa," alisema. "Rudi umwambie. Wazee tutawaambia sote tukirudi. Mimi natangulia."

Micah alimsikiliza akiwa ameshika mti wa zizi.

"Siku zote hizi," alisema, "hata mimi niliwaamini watu. Nimekuwa nikiwachapa mbuzi."

Aliuchomeka mti ule tena katika shimo lake, akaanza kuushindilia udongo kwa mguu. Chepkorir alitaka kumsaidia, lakini mzee hakumwachia nafasi.

Chepkorir aliporudi njia panda, Cherono alikuwa ameshatokomea. Kwenye njia ya kushoto kulikuwa na tawi bichi, limelazwa vizuri, utomvu bado ukitoka pale lilipovunjwa.