Kidonge Alichokikana Fundi

Shemeji yangu alikuwa fundi umeme mpaka siku ngazi ilipoteleza, akavunjika uti wa mgongo chini kidogo ya mabega. Miaka mitatu sasa hutengeneza pasi na feni akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mezani karibu na dirisha, na nyumbani hakuna anayemshinda kwa utani. Mimi ananiita Mke Mdogo, nami simwachii: namwambia mume anayelala na bisibisi chini ya mto simtaki.

Jumamosi ile mchana alikuwa anafunga pasi ya jirani, akasema kichwa kinampasuka. Nilipomtazama, uso umeiva na jasho linamchuruzika shingoni, lakini miguu ya baridi. Nilishtuka mno. Hospitali walikwishatuonya. Chini ya pale alipovunjika yeye hahisi kitu, ila neva zinahisi: kibofu kikijaa zinapiga kelele, mishipa ya damu inajibana, na amri ya kuzituliza kutoka kichwani haipiti. Presha hupanda hata ikapasua mshipa wa ubongo. Mwenyewe husema waya umekatika, huku chini kunawaka na swichi haipo.

Dada yangu, mkewe, aliunyoosha mpira wa mkojo uliojikunja, lakini kichwa hakikutulia. Tukamsukuma hadi zahanati ya mtaa wa pili, mimi, dada na mama yetu. Muuguzi alipima presha mara mbili, kana kwamba hakuamini mashine: mia mbili na ishirini.

Akachukua dawa ya kupaka kifuani. Huyu muuguzi ni mwalimu aliyepotea njia. Huku akivaa glavu alitueleza kwamba dawa ile hutoa naitriki oksaidi, gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza, hata ndani ya uti wa mgongo, ambako huweza kupandisha au kushusha kelele za neva hizohizo. Kwenye mishipa ya damu kazi yake ni kuilegeza. Kisha akauliza kama mgonjwa amemeza dawa ya nguvu za kiume siku mbili hizi. Ile huongeza makali ya gesi hiyo, na zikikutana presha huporomoka mtu akafa.

Mama aligeukia ukutani. Dada akajibu kwa niaba ya mumewe kwamba tangu ajali nyumbani kwao hakuna habari hizo. Shemeji, macho yakiwa kwa mama mkwe wake, akatikisa kichwa: hajameza.

Muuguzi akafungua dawa, akaiminya kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa karibu kugusa kifua.

"Subiri, nesi," shemeji akasema. "Nimemeza. Leo asubuhi."

Muuguzi akaganda, kisha akaitupa ile karatasi na kutafuta dawa ya aina nyingine. Mtu mzima na akili zake alikuwa tayari kufa kwa kumwonea haya mkwe! Nilimwambia hapohapo, mbele ya mama, kwamba ni mpumbavu, na mpaka leo sijafuta kauli.

Dada alingoja mpaka dawa ilipomezwa na namba zikaanza kushuka. Asubuhi ile yeye hakuwa nyumbani. Tulikuwa tumebaki mimi, shemeji, na wateja wa pasi wanaoingia na kutoka, wengi wao wanawake. Nilimwona anapiga hesabu hiyo usoni, nikaogopa.

"Ulimeza kwa ajili ya nani?"

"Wewe," akasema. "Nilitaka kujaribu kwanza peke yangu. Nisije nikashindwa mbele yako."

Dada alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama, mkono mdomoni, kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Miaka mitatu nalala chumba cha pili," akasema. "Nilidhani hunitaki."

Shemeji, bingwa wetu wa utani, akamnyooshea mkono. Mama akanishika mkono, akanivuta nje.