Aliyempandisha Ghorofani

Dada yangu ni fundi cherehani. Miguu yake ilipooza utotoni, lakini mikono haijui kukaa bure. Hata magauni ya maharusi hupitia kwake, kwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono.

Mumewe alikuwa akimbeba mgongoni popote kiti cha magurudumu kiliposhindwa kufika. Majirani wakampachika jina la Ambulensi, naye akatamba nalo mtaa mzima. Wanawake wenzangu walinitolea mfano wa shemeji yangu mpaka nikachoka masikio. Mlango ukishafungwa, alikuwa akimpiga dada, kisha anakisukuma kiti nje ili asiweze kutoka.

Nesi aliyeona alama shingoni alimwelekeza kwenye ofisi inayosaidia wanawake wanaopigwa. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Sijui waliopanga pale walidhani tunapigwa sisi wenye miguu tu. Dada akamdanganya mumewe kwamba huko wanagawa cherehani kwa walemavu, naye akambeba mpaka juu. Mshauri wa pale na wenzake walimmwagia sifa, wakamkaribisha aketi ndani pamoja na mkewe kwa kuwa ndiye msaidizi wake. Dada akaulizia cherehani, wakarudi nyumbani.

Safari ya pili nilimsukuma mimi, shemeji akiwa kazini. Mlinzi alijitolea kumbeba, dada akakataa, akasema hapandi tena mgongo wa mtu. Mshauri ndiye ateremke. Tulingoja sana pale chini ya ngazi, watu wakituruka miguu. Hatimaye mshauri alishuka, akatuingiza kwenye chumba cha mlinzi na kufunga mlango. Alimkumbuka dada. Akauliza kama yule baba mwema hajambo.

"Huyo ndiye anayenipiga," dada alisema.

Mshauri alishika mdomo. Akauliza kwa upole, "Sasa mbona siku ile hukusema, dada'angu?"

"Ningesema, nani angeniteremsha?"

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Dada akasema leo harudi kule, liwalo na liwe. Mshauri alichukua simu akaanza kumtafutia pa kulala, na kila nyumba aliyoipigia aliiuliza kwanza kama ina ngazi. Ya kwanza ilikuwa nazo. Akapiga nyingine.