Maneno Ambayo Mkalimani Wangu Hakuyatafsiri

Kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, lilikuwa limejaa hadi watu wanasimama nje, na mimi, mchungaji wake, nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia hata mke wangu. Ngoma zilipigwa, kinanda kikalia, vumbi likapanda mpaka kwenye mabati. Nikisema, "Mwaka huu hautaisha kabla hujapata safari yako!" watu walirukaruka na kulia. Kambini, safari maana yake ni moja: kuitwa jina, kupanda ndege, kwenda kuanza maisha katika nchi nyingine. Nililisema neno hilo kila Jumapili. Jumatatu, nikiwaona watu walewale sokoni, nilipita njia nyingine.

Kisha kanisa moja la mtaa wa Area 36, kule mjini Lilongwe, likanialika kuhubiri. Chichewa changu ni cha kununulia nyanya, kwa hiyo nilimwomba mama mmoja wa kanisani kwetu anitafsirie. Ni fundi cherehani, mtu wa Fizi, Kongo, kama mimi, lakini amekaa Malawi miaka mingi kuliko mimi na anaongea lugha ya hapa bila kutafuta maneno.

Nilihubiri kama nilivyozoea. Nilipofika mahali pa kupandisha sauti nikasema, "Kabla mwaka huu haujaisha, kila mgonjwa wa nyumba yako atasimama!" Nikamgeukia mkalimani wangu. Akaangalia benchi la mbele, kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nilitega sikio nisikie "chaka chino", yaani mwaka huu, maneno ambayo hata mimi nayajua. Hayakuja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ila mwanamke mmoja wa benchi lile la mbele alijifunika uso kwa kitenge akalia. Baada ya ibada alinipigia goti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Zikomo, abusa," alisema, asante mchungaji, tena na tena, na hakuniachia upesi.

Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi. Niliamini ni ahadi yangu iliyomgusa.

Tulipokuwa kwenye kivuli cha duka tukingoja gari la kurudi, nilimuuliza mkalimani wangu, "Mama, pale niliposema juu ya wagonjwa, ulitafsiri namna gani?"

"Sikutafsiri, Pasta."

Nilidhani ananitania. Alikuwa anamenya karanga, hakuniangalia.

"Ule mama aliyekushika mukono, tuliongea naye asubuhi mbele ya ibada. Alizika mutoto wake. Muhubiri mwingine alimuambia maneno ile ile, mutoto atasimama. Njo maana alingoja nyumbani, hakumupeleka hospitali mpaka ikachelewa. Sasa mi nimuambie tena?"

"Kwa hiyo uliwaambia nini?"

"Nilisema Mungu hajasahau jina ya mutoto wako. Njo ile tu."

Damu ilinipanda. "Umebadilisha Neno la Mungu!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Neno ya Mungu, ao yako?"

Nilimkasirikia siku mbili, tatu. Hasira ilipokwisha, nikabaki na jambo gumu zaidi: nilijua kwamba yule mwanamke alikuwa amenishukuru kwa mahubiri ambayo sikuyahubiri.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu wangu. Wapiga ngoma walikuwa wameshika fimbo zao, wanajua pale ninapofikia. Neno likanijia mdomoni, nikalimeza. Nikasema, "Sijui kama kuna mmoja wetu atakayesafiri mwaka huu. Mungu hajaniambia. Hata mwaka jana hakuniambia." Wapiga ngoma wakashusha fimbo zao. Mtu mmoja alikohoa. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya wiki chache mzee wa kanisa alinijia nyumbani, hakutaka hata kukaa. "Pasta, bantu banaenda. Bavijana ba chorale bameshaingia kanisa ya kule ng'ambo ya barabara. Kule banaambiwa mambo mazuri."

Ilikuwa kweli. Kwaya ilikuwa imehama, na mabenchi ya nyuma yalikuwa wazi. Nilizunguka kambi nzima mchana kutwa, siwezi kukaa, siwezi kusoma. Je, nilikuwa nimesema kweli, au nilikuwa nimewanyang'anya watu kitu cha mwisho walichobaki nacho? Kanisa lililojaa nililiita hai. Hili lililopungua sikujua niliite nini, na hadi leo sijui vizuri.

Katika kuzunguka kwangu nilipita kwa muumini wetu mmoja, mkulima wa Uvira. Ukuta wake wa nyuma ulianguka zamani, akaziba kwa turubai. Kila nilipomuuliza alijibu, "Nijenge ya nini, Pasta? Mi naenda," nami nikaitikia amina. Siku hiyo nilimkuta amekunja suruali, anakanyaga udongo wa matofali.

"Nilikukasirikia, Pasta," alisema kabla sijamsalimu. "Nilikukasirikia sana. Nilisema, huyu mutu anatufungia mulango."

"Na sasa?"

"Sasa mvua iko karibu."

Nilivua viatu, nikakunja suruali ya kitambaa niliyovalia kanisani, nikaingia kwenye tope. Tulikanyaga pamoja. Kutoka ng'ambo ya barabara ilitufikia sauti ya kwaya iliyokuwa yetu, wanafanya mazoezi, na wimbo ulikuwa mzuri. Nilitamani kuwa kule, sitaficha.

Nikamuuliza kama bado anaomba juu ya safari.

"Kila siku," alisema. "Lakini sasa naombea na nyumba. Ongeza maji pale kwako, Pasta, udongo inakauka."