Siku Nilipomwambia Baba Amekosea

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoandika malengo yangu ya maisha. Wakati huo nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na siku yangu ya mapumziko nikapanda hadi Kwale mjini kuhudhuria semina ya vijana. Mkufunzi, mtu wa bara aliyevaa tai katika joto lile, alituambia tusiandike tu tunakotaka kufika, bali tuandike na kile tunachokikimbia.

"Kiandike wazi," alisema, "ukibandike mahali utakapokiona kila asubuhi."

Niliandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa. La kwanza, kupata diploma ya utalii. La pili, kuwa msimamizi wa vyumba. La tatu, kujenga nyumba ya mawe. La nne: Nisiwe kama baba.

Babangu alikuwa mkwezi wa minazi. Kwetu Msambweni aliitwa kila shamba lenye nazi za kuangua, na kifua chake kilikuwa kimeota sugu kwa kusuguana na magome. Hakuwa mlevi, hakuwahi kunipiga. Masomo yangu yote ya sekondari yalitoka juu ya minazi hiyo. Lakini mimi nilichokishika moyoni ni mikutano ya shule, wazazi wenzake wakitia sahihi, yeye akichovya kidole gumba katika wino, na mimi nikitazama upande mwingine kama simjui.

Karatasi niliibandika ukutani chumbani mwangu. Sikuona haja ya kuificha. Nyumba nzima hapakuwa na mwingine ajuaye kusoma.

Jumatatu moja jioni nilikuwa nikipiga pasi sare yangu ya kazi. Baba akapiga hodi, akaingia na shati safi, na mama nyuma yake akitabasamu kama mtu aliyebana siri. Kumbe kwa miezi kadhaa, kila baada ya sala ya alasiri, baba alikuwa akienda gumbaru, darasa la watu wazima lililokuwa nyuma ya msikiti. Mimi nilidhani anakwenda kuzungumza na wenzake. Alisimama mbele ya ile karatasi.

"Usiniambie kitu," alisema. "Niache nisome mwenyewe."

Alianza na mstari wa chini kwa kuwa ulikuwa mfupi. Akaweka kidole chini ya herufi.

"Ni... si... we. Nisiwe. Ka... ma. Kama." Alicheka kidogo, jasho linamtoka. "Ba... ba."

Akaurudia mstari wote kwa mkupuo mmoja. Kisha kicheko kikamfutika usoni, naye akanigeukia.

"Nimesoma sawa, mwanangu?"

Ningeweza kusema ndiyo nikamwomba radhi. Ningeweza hata kunyamaza.

"La, baba," nilisema. "Umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Pote. Hayo ni maneno ya Kizungu, ya kule kazini."

Aliitazama tena karatasi, akaondoa kidole. "Basi bado sijajua," alisema, akatoka. Mama aliponiuliza kama baba alikosea kweli, nilimwambia ndiyo. Karatasi niliichoma jikoni siku ileile. Baba hakurudi tena darasani.

Mwaka haukutimia, nikakutana na mwalimu wake pale kituo cha Kona ya Musa, mama mmoja wa makamo. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Babako hajambo? Hakuna aliyekuwa na bidii kama yeye darasani mwangu. Aliniambia macho yamemchoka."

Nilikuwa njiani kwenda kazini. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Baba nilimkuta barazani anasuka kamba.

"Baba, siku ile hukukosea. Ulisoma sawasawa."

Mikono yake haikusimama. "Najua," alisema. "Nilifundishwa vizuri."

"Mbona basi uliacha?"

"Kitu cha kwanza kukisoma nyumbani mwangu kilikuwa kile. Nikaona kusoma kumenitosha."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, kwa sauti ambayo angemjibia mpita njia aliyemuuliza saa. Nikamwambia nitamfundisha mimi mwenyewe.

"Mfundishe mamako," alisema.

Leo diploma ninayo, na ni msimamizi wa vyumba. Wenzangu kazini huniuliza nilifikaje, nami husema tu kwamba nilijiwekea malengo. Sisemi yote.

Kila Jumatatu humfundisha mama barazani, na baba hujilaza mkekani, uso ameuelekeza ukutani. Juma lililopita mama alikwama katika neno moja. Alizitaja silabi zake mara tatu, "M... shu... ma... a," akashindwa kuziunganisha.

"Mshumaa," alisema baba bila kugeuka.

Mama akacheka kwa furaha. Mimi niliinamia kitabu, nikashindwa kuinua uso.