Mafundo ya Mwalimu Uzi

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Uzi. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi, aliwapeleka kwenye msitu ulio nyuma ya shule yetu. Kila mtoto alikuwa na mti wake na uzi wake. Kila muhula mtoto aliuzungusha uzi kwenye shina, na pale ulipokutana alifunga fundo. Mti ukinenepa, fundo jipya husogea mbele. Sheria ilikuwa moja tu: hufungi fundo ambalo hukulipima. Aliyekisia alirudishwa msituni, hata kukiwa na mvua. Mimi nilifundisha darasa la jirani, na viatu vyake vya matope nilivicheka mpaka basi.

Kisha nyuki wakamuuma mtoto mmoja, mzazi akaja juu, na mwalimu mkuu akatia kufuli lango la nyuma. Lakini ofisi ya elimu bado ilitaka fomu za masomo ya msituni.

"Jaza kwamba mlikwenda," mkuu alimwambia Mwalimu Uzi mbele yangu.

"Hatukwenda, Mkuu."

"Basi jiandae kwa uhamisho. Mama yako nani atamgeuza kitandani?"

Akajaza. Mihula mitatu mfululizo. Dirisha lake lilitazama msituni. Alishusha pazia, akawa anachora miti ubaoni. Nilimkasirikia, ingawa mimi ningejaza haraka zaidi.

Jumanne moja akaja mkaguzi, mkuu nyuma yake. Nilisogea mlangoni, umbea haunishindi. Mkaguzi akamchagua binti wa fundi cherehani, mtoto asiyeweza hata kusingizia kuumwa tumbo.

"Muhula huu mlifanya nini msituni?"

Mwalimu Uzi alishika meza. Ukweli ungemtenga na mama yake, na bado, aliniambia baadaye, alitamani mtoto auseme.

Binti alimtazama mwalimu wake, akatoa uzi kwenye mkoba.

"Tulipima. Mti wangu umeongezeka vidole viwili."

Kwenye uzi palikuwa na mafundo matatu mapya. Mkaguzi akatabasamu, akatia alama ya vema, wakaondoka.

"Ulipima nini?" Mwalimu Uzi aliuliza.

"Nilikisia, Mwalimu. Ili wasikuondoe."

Akauchukua ule uzi, akaanza kuyafungua mafundo kwa kucha huku machozi yakimtoka. Hayakufunguka. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuyakaza.